Tazama Kifungo

Kule Membley, mtaa wa karibu na Ruiru, anakoishi binti yangu kuna mwalimu anayefundisha watoto kujiamini. Siongezi chumvi, ndiyo kazi yake na hana nyingine. Jumamosi watoto wa majirani hukusanyika kwake, mjukuu wangu akiwa mmoja wao, wakasimamishwa mbele ya kioo kirefu na kuambiwa waseme kwa sauti, "Mimi naweza." Asiyesema vizuri anarudia. Siku niliyompeleka mjukuu nilipewa kiti cha plastiki nikakaa nyuma. Mwalimu, msichana mzuri tu mwenye tabasamu lisilochoka, akatuambia kwamba hakuna mtu anayezaliwa na ujasiri. Ujasiri hufanyiwa mazoezi, na mtoto akirudia jambo kila siku linamwingia, halimtoki tena. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mjukuu alinipungia mkono kupitia kioo, nami nikashindwa kumpungia.

Anasema kweli yule msichana, na hilo ndilo lililoniudhi. Mimi nilifanyishwa mazoezi hayo nikiwa mdogo kuliko mjukuu wangu, na aliyenifundisha alikuwa hodari kuliko yeye. Alikuwa baba yangu.

Tuliishi kwenye laini za shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru, vyumba vya mabati vilivyopangwa mstari, mlango ukitazamana na mlango. Baba alipogoa kahawa, mama alichuma. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni na waliowalisha. Sisi watoto hatukujua maana ya maneno hayo, ila tuliona kwamba wakubwa wananyamaza tukiingia. Jioni nyingine walifika kwetu wanaume wawili au watatu wasiosalimia mtu, wakala wakiwa wamechuchumaa, kisha wakaondoka, na baba akawasindikiza. Mama aliosha vyombo vyao kabla ya vyetu.

Mlango wa tatu kutoka kwetu kulikuwa na mtoto wa rika langu. Siku moja alikuja homugadi akampa kipande cha sukari guru. Homugadi walikuwa watu wetu wenyewe, Wakikuyu kama sisi, waliopewa makoti na mikuki na serikali ili watuchunge. Huyo akamuuliza kwa upole ni nani waliokula kwao jana. Mtoto akasema, "Wajomba." Siku hiyo hiyo mama yake alipandishwa lori, na mlango wao ukapigiliwa misumari. Nyanya yake alikuja kumchukua. Mtoto alipita mbele ya mlango wetu akishikwa mkono, huku mkono wa pili akiulamba vidole.

Kesho yake jioni, mama akiwa kwenye jiko, alivaa gunia mabegani likawa koti, akajivika sufuria kichwani, akasimama mbele yangu ametoa tumbo.

"Wewe toto! Baba yako iko wapi?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Baba alikuwa fundi wa kuigiza wazungu. Wachumaji walimwomba afanye bwana shamba wakati wa mapumziko, naye akafanya. Aliningoja nimalize kucheka. Kisha akapiga ukuta wa mabati kwa rungu, ule mlio ukanipasukia masikioni, na nikajikojolea papo hapo.

"Tena," akasema.

Ndivyo tulivyoanza. Kila jioni, kabla ya chakula. Mwanzoni nilicheka, halafu nikalia, halafu nikawa sicheki wala silii lakini vidole vya miguu vilijikunja, na baba aliona. Aliona kila kitu. Alinifundisha kukandamiza ulimi juu ya kinywa ili midomo isitetemeke. Alinifundisha kupumua kwanza, ndipo nijibu. Zaidi ya yote alinifundisha mahali pa kuweka macho.

"Usimtazame mtu machoni, atakuvuta. Usitazame chini, atajua unaficha. Tazama kifungo chake, kile cha pili kutoka juu. Hicho hakina huruma wala hasira. Unasikia, maitu?"

Maitu ni mama yangu kwa Kikuyu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo baba yake humwita mama. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeniita hivyo.

Mazoezi yakapanda ngazi. Baba akauliza kwa ukali, kisha kwa upole, kisha kwa kunihonga miwa. Akamleta shangazi yangu kutoka Gatongora, mwanamke mwenye sauti tamu kuliko asali, akanipakata, akanisuka nywele, na katikati ya kunisuka akaniuliza wageni wetu hupenda chakula gani. Nikamwambia hatuna wageni. Shangazi akamgeukia baba akasema, "Ngai! Huyu umemfanya jiwe." Baba alifurahi siku nzima.

Kulikuwa na sheria moja. Hapakuwa na mtu wa kuumaliza mchezo ila mama, na aliumaliza kwa maneno yale yale, "Haya, njoo ule." Baba alisema mtu yeyote anaweza kukuambia imekwisha ili akupate. Mtu anaweza kupigwa hadi akubali kukuita yeye mwenyewe ili ujisaliti. Hata yeye baba. Kwa hiyo mpaka mama yako akupakulie, huna baba.

Akanijaribu kwa hilo pia. Jioni moja alivua gunia na sufuria, akakaa kwenye kigoda, akapangusa jasho, akafungua mikono. "Maitu, imekwisha. Ni mimi. Njoo." Nikakimbia kwake. Akanipiga konzi kichwani hadi nikaona nyota.

"Nani amekuambia ule?"

Mama aligeuka kutoka jikoni. "Yatosha. Huyu ni mtoto."

"Wa mlango wa tatu pia alikuwa mtoto," baba akamjibu, na mama akarudia sufuria yake.

Konzi ile ilinifundisha. Jioni niliyofaulu, baba alipiga magoti mbele yangu machozi yakimtoka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anaigiza. Akasema, "Maitu, imekwisha. Ni mimi baba yako. Hunijui?" Nikaweka ulimi mahali pake, nikatazama kifungo cha shati lake, nikasema, "Simjui huyu mtu." Akainamisha kichwa kidogo, mara moja, kama fundi anayekubali ubao umenyooka. Mama akasema njoo ule. Tukila, baba alinishika utosi na kumwambia mama kwamba huyu sasa amekuwa mtu. Sijasifiwa hivyo tena maishani mwangu, na nimeishi sana.

Na yalifanya kazi, yale mazoezi. Nisiwe mtu wa kusema uongo kwa sababu ya uchungu. Walipokuja kwetu kweli, mzungu na homugadi wake, walinipeleka peke yangu nyuma ya meza za kuanikia kahawa wakanipa biskuti. Nikaila biskuti yote. Nikamtazama mzungu kifungo, nikasema sijui, hatuna wageni, baba hulala mapema. Hawakupata kitu, wakaenda mlango mwingine. Mlango ule mwingine ulipata taabu. Mimi nilirudi nyumbani nikiruka kwa mguu mmoja.

Hata shuleni niliona faida yake. Watoto wengine waliposimamishwa kusoma walijikunyata na kukwaruza miguu. Mimi nilimtazama mwalimu kifungo nikasoma hadi mwisho wa ukurasa. Mwalimu akasema mtoto huyu haogopi. Alikosea. Niliogopa kuliko wote, ila nilikuwa nimejua pa kuuweka woga.

Kahawa ilipopungua, baba alipata kazi ya kukata mkonge upande wa Thika, akawa anarudi Jumamosi. Jumamosi moja hakurudi. Tulisikia kwamba wanaume wa kule walikusanywa barabarani, wenye pasi ya kutembelea na wasio nayo, wakajazwa malorini. Bwana shamba naye hakutaka mke asiye na mume kwenye laini zake, chumba kilikuwa cha mfanyakazi. Tukahamishiwa kijiji kipya juu ya Ruiru, kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Watu waliletwa kutoka kila mahali wakarundikwa pale, jirani hamjui jirani. Ndivyo walivyotaka.

Kila asubuhi wakubwa walitolewa kwenda kazi ya lazima, kuchimba handaki hilo hilo lililotufunga. Tulibaki watoto, na wazee wasioweza kuinua jembe. Mama alikuwa handakini siku lile lori lilipokuja.

Lilisimama kwenye lango. Mbele alikaa mzungu kijana, uso umeungua kwa jua. Nyuma walikuwa wanaume waliofungwa mikono. Walikuwa wakizungushwa kijiji kwa kijiji, kila mmoja aletwe alikosema ndiko watu wake walipo. Aliyetambuliwa aliachwa hapo chini ya ulinzi wa kijiji. Asiyetambuliwa alirudishwa kambini, na kutoka kambini njia ilikwenda mbali sana, kwenye makambi ya jangwani tuliyoyasikia tu kwa majina. Homugadi wa kijiji chetu hakumjua mtu hata mmoja kati yao. Akaja hadi mlangoni kwetu akanichukua.

"Kuja hapa. Kuna mtu anasema ni mume wa mama yako."

Nilimjua. Nalisema wazi kwa sababu watu hupenda kunisaidia hapa. Huniambia ulikuwa mdogo, alikuwa amekonda, alikuwa na ndevu. Nilimjua kabla hajashuka, kwa jinsi alivyoegemea ubao wa lori kwa bega la kushoto. Kichwa kilikuwa kimenyolewa na midomo imepasuka. Shati lake halikuwa na kifungo hata kimoja. Lilifungwa kifuani kwa kamba ya katani iliyopigwa fundo.

"Kasichana, huyu ni baba yako?"

Nilitafuta kifungo nikakikosa. Nikatazama lile fundo. Nikakandamiza ulimi juu, nikavuta pumzi.

"Simjui huyu mtu."

Baba akapiga hatua moja, homugadi akamzuia kwa bunduki. Akasema kwa sauti ya chini, maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule: "Maitu, imekwisha. Ni mimi."

Angesema neno jingine! Angenitukana, angeimba, angesema jambo lolote ambalo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Lakini mtu aliyechoka husema lile lililo karibu na mdomo, na mimi lile nililijua. Lile lilikuwa na konzi. Nikasikiliza kama mama atasema njoo ule. Upepo ulileta sauti za majembe kutoka handakini.

"Simjui," nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, ili nisikosee.

Mzungu akauliza kitu kwa Kiingereza. Homugadi akacheka akamjibu kwa Kiswahili, "Hapana, bwana. Mtoto hawezi kataa baba yake." Mzungu akapunga mkono, na dereva akawasha gari.

Nilimwona baba akielewa. Alifungua mdomo kusema tena, akaufunga. Alinitazama, nami nikiwa bado nimekaza macho kwenye fundo la katani, miguu imetulia, midomo haitetemeki. Akainamisha kichwa kidogo, mara moja, kama zamani nilipopatia. Kisha wakampandisha.

Nilirudi ndani nikiwa na furaha. Ndiyo, furaha. Nilifagia, nikateka maji, nikamngoja mama kwa hamu ya mtoto aliyeshika namba moja. Alipofika na jembe begani nilimsimulia pale pale mlangoni kwamba walileta lori, kwamba baba alikuwemo, kwamba sikukimbia kwake.

"Alisemaje?" mama akauliza.

"Alisema maitu, imekwisha."

Jembe lilimwanguka. Alikimbia hadi langoni, nikasikia sauti yake na sauti ya homugadi, na ya homugadi ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda kula. Mama akarudi. Hakunipiga, wala hakunikumbatia. Akawasha moto, akapika. Chakula kilipoiva akakaa muda mrefu akikitazama. Kisha akasema, "Haya, njoo ule."

Nilikula chote.

Aliomba ruhusa ya kutoka kijijini, akapewa baada ya kusumbuliwa sana, tukaenda Thika kwa miguu hadi ofisi ya serikali. Njia nzima alinifundisha. Ukiulizwa, sema ni baba yangu. Sema tena. Sema huku unamtazama mtu. Nilisema tukipita mikonge, nikasema tukivuka mto. Ofisini tulisimama juani hadi karani akatuita. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, amevaa tai. Mama akanisukuma mbele.

"Yule mtu ni baba yangu," nikasema. Sikukosea hata neno.

Karani alinitazama, akamtazama mama, akacheka bila ubaya. "Mama, huyu umemfundisha njiani. Mtoto husema ukweli mara ya kwanza."

Mama alianza kueleza. Fikiria maelezo yenyewe. Aseme kwamba mara ya kwanza ndiyo iliyofundishwa, na karani aulize alifundishwa kwa nini, na nyumba yetu ilikuwa inaficha nini. Mama akaacha kueleza, akanishika mkono. Tukarudi Ruiru kwa miguu.

Watu nikiwasimulia hungoja nilie, niseme nilikosea na ninajuta. Sijuti. Nilikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Nina hasira, na hasira si majuto. Nina hasira na mzungu ambaye hata hakushuka garini, na homugadi aliyejua sana watoto. Nina hasira na baba aliyekaa jioni baada ya jioni akinichonga nisipasuke, asifikirie kwamba siku moja atakayehitaji nipasuke ni yeye. Alifikiria kila mlango ila wa kwake. Kisha hasira inanigeukia mwenyewe, kwa sababu bila yale mazoezi huenda mama angepandishwa lori mapema, na mimi ningepita laini nikilamba vidole. Sipati mahali pa kuiweka. Ndiyo maana nakaa nayo.

Baba alirudi mwishoni mwa miaka ile, tukiwa bado kijijini ingawa handaki lilikuwa limeanza kufukiwa. Alitembea kutoka stesheni ya Ruiru. Nilikuwa nimempita mama kwa kimo. Kambini walikuwa wamempa shati jipya la kutokea, la kaki, lenye vifungo vyote. Meno ya mbele hakuwa nayo. Alimsalimia mama, akanisalimia mimi kwa kunishika mkono kama mgeni, akakaa kwenye kigoda. Mama akapika. Hapakuwa na mtu aliyejua pa kuanzia.

Nadhani alitaka kutusaidia. Ucheshi ndio uliokuwa mlango wake siku zote. Akatoa tumbo ambalo hakuwa nalo, akaikaza ile sauti ya bwana shamba, na kupitia pengo la meno akasema, "Wewe toto! Baba yako iko wapi?"

"Wacha hayo," mama akasema haraka. Alikuwa amekwisha kupakua. "Haya, njoo ule. Njoo ule, mwanangu. Njoo ule."

Aliyasema yote. Niliyasikia yote. Jibu nililijua, alikuwa amekaa mbele yangu, ningenyoosha mkono ningemgusa goti. Lilikuwa neno moja tu, "Wewe." Nikavuta pumzi.

"Sijui," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Baba alicheka. Kisha akaacha, kwa sababu hakuna aliyecheka naye, akaniinamia kuutafuta uso wangu. "Maitu," akasema. "Maitu, nitazame." Macho yangu yalikuwa kwenye kifungo cha pili kutoka juu, nami nilijaribu kuyapandisha, nikashindwa.